Kielelezo Namba Tisa

Mahakama ya Jimbo, Maine. Ouellette dhidi ya Ouellette.
Kurasa thelathini na moja, nimezigonga muhuri mwenyewe
asubuhi ambayo theluji ya Lewiston ilikwisha kuwa tope.

Jaji amegawa vizuri, sina neno.
Jengo la Mtaa wa Cedar liuzwe, deni la benki litangulie,
kitakachobaki kikatwe katikati kama andazi.
Gari la kusambazia mikate, la Normand.
Mashine ya kukandia, yenye jino moja bovu, ya Réjeanne.
Jina lililo juu ya mlango asilitumie yeyote
kwa miaka mitano, ndani ya maili ishirini.

Wameketi benchi moja, koti la huyu halimgusi yule.
Wanaosalimiana ni mawakili.

Lakini kuna kielelezo namba tisa:
mtungi wa kauri, mfuniko umefungwa kwa uzi,
ndani yake chachu ya bibi yao
iliyovuka mpaka kutoka Kebeki, imekaukia kwenye leso.
Miezi minane ilikaa katika friji ya masjala,
kati ya chakula changu cha mchana na soda ya askari.
Hakuna kifungu kinachomwamuru karani kulisha kielelezo.
Nililisha. Kijiko cha unga, kijiko cha maji, kila Ijumaa,
nayo ikanijibu kwa mapovu.

Ukurasa wa ishirini na sita:
"Kisicho na bei sokoni
Mahakama hii haitakigawa, wala haitakiuza."
Basi. Nukta, aya nyingine.

Ndugu wakigombana, walisema wahenga, shika jembe ukalime.
Wamelima mawakili hawa,
dola mia tatu kwa saa, kiangazi na kipupwe.

Saa kumi Réjeanne akaja dirishani, anautaka mtungi.
Nikamwambia kielelezo hurudishwa kwa aliyekileta.
Akauliza, nani alikileta?
Nikafungua daftari. Saini mbili,
zimebanana kwenye mstari mmoja,
za siku walipokuwa bado wanakuja kwa gari moja.
Nje, kwenye ngazi, Normand alikuwa akitafuta funguo
katika mfuko ambamo hazimo.

Amri ya mahakama sikuwa nayo.
Nilikuwa na vikombe viwili vya karatasi, vya kahawa.
Nikavijaza.

Kilichosalia chini ya mtungi
hakimo katika hukumu.
Leo Ijumaa. Nimebeba unga.