Zamu ya Kioo

Meza ni ya mvule, mguu mmoja umeinuliwa kwa tofali,
juu yake kompyuta tatu,
na skrini moja.
Mjomba Owere hana nafasi ya skrini ya pili,
hela pia hana, na siku atakayozipata,
husema, atanunua mabati kwanza.

Ya kwanza ni ya stesheni. Bado ina kibandiko:
MALI YA RELI, USIGUSE.
Ya pili ilitoka kiwanda cha pamba, nyuzi zingali zimo ndani ya feni,
kila ukiiwasha hupiga chafya.
Ya tatu alipewa na masista, haina kifuniko,
matumbo nje kama kuku aliyepasuliwa sokoni,
na ndiyo yenye afya kuliko zote.

Nyadoi wa jirani aliingia kuchaji simu, akashika kiuno:
"Vichwa vitatu, uso mmoja! Hili si zimwi?"
Mjomba hakuinua macho kutoka kwenye risasi aliyokuwa akiyeyusha.
"Umewahi kuona malwa?"
(Kana kwamba Tororo nzima kuna mtu hajaiona.)
"Chungu kimoja, mirija mingi.
Nani alilala na kiu?"

Nikazitazama nyaya upya: zilivyojikunja
kutoka kwenye kisanduku alichokiunda kwa kopo la samli,
kila moja ikielekea mdomo wake.
Geuza swichi. Tak.
Stesheni.
Tak. Pamba.
Tak, na masista wanafumbua macho.

Si kwamba wanaelewana. Ya stesheni ina pini tisa,
kioo kina matundu kumi na tano,
na kati yao Mjomba amekaa miaka akitafuta mkalimani.
Picha ya pamba hupanda, hupanda,
kama ngazi isiyofika dari,
mpaka uingize kucha nyuma na kuzungusha kidogo, kidogo,
hapo! usipumue.

Mimi hunishangaza zile mbili zisizo na zamu.
Kioo kimezipa kisogo, lakini hazilali,
taa zao ndogo zinapepesa, diski zinakwaruza,
zinahesabu kitu gizani bila shahidi.
Usiku mmoja nilichapa ukurasa mzima kwenye kibodi ya stesheni
huku skrini ikionyesha masista.
Nilipogundua nikataka kulia.
Tak.
Maneno yote yalikuwepo, yamenisubiri,
hata kosa langu la herufi moja.

Jina la kioo hiki silijui. Najua kilikotoka:
meza ya mishahara, stesheni hiyohiyo,
ambako fomu moja ilikaa usoni pake asubuhi hadi jioni
miaka mingi, hata ikauchoma.
Sasa, ukiwasha yoyote kati ya hizo tatu,
chini ya picha yake kuna nyingine, hafifu, kama kovu chini ya poda:
JINA. NAMBA. SAINI.
Masista wanaandika hesabu za ngano ya komunyo
juu ya JINA. NAMBA. SAINI.
Pamba inapimwa, kilo kwa kilo,
juu ya JINA. NAMBA. SAINI.

Mjomba alikuwa wa kumi na saba kwenye orodha.
Reli ilipofunga, walimdai uvumilivu,
kisha, badala ya miezi mitano, wakampa kompyuta
na kioo chake. Alivibeba kwa toroli
akipita nyuma ya ule mwamba ili watu wasimwone.
Hilo aliniambia mara moja tu, akitafuta bisibisi.

Jana umeme ulikatika saa mbili kasoro.
Feni tatu zikashusha pumzi, moja ikichelewa.
Kwenye kioo kikabaki kitone cheupe, kikanywea,
kikaisha.
Nikawasha tochi ya simu, na safu zile zikaonekana
hata bila umeme, rangi ya chai iliyomwagika.
Mjomba akachukua kitambaa.
Akapangusa palipoandikwa SAINI, polepole,
kama afanyavyo kila jioni.
Haitoki.
Akakunja kitambaa mara nne, akauliza kama nimekula.