Kipimo cha Shavu la Mguu

Alikuja Moshi wiki ya mbio, Februari,
na futi ya fundi cherehani kwenye begi.
Akapima shavu la mguu wa kaka yangu Ndelilio,
akapima kisigino, akamtoboa kidole,
tone moja la damu, akaandika.
"Mmezaliwa nayo," alisema, akatabasamu.

Mimi nilikuwa nimeshika kopo la maji. Sikuulizwa.

Ningeulizwa, ningeanzia Uru:
kilomita sita hadi shule, kengele saa moja,
na fimbo ya mwalimu Kiwelu imetangulia mlangoni.
Barabara haina geti. Haidai kadi ya uanachama.
Jozi moja ya raba tuligawana,
yeye asubuhi, mimi zamu ya mchana,
nikiikuta ingali na joto la miguu yake.

Ningesema na habari za bwawa.
Kule Shanty Town, nyuma ya ua wa michongoma,
miaka minne nilichota majani makavu juu ya maji ya buluu.
Kila kigae nakijua. Bei ya klorini naijua.
Kiingilio elfu kumi na tano,
ujira wangu wa siku elfu sita.
Sikulowa kupita kiwiko.
Watoto wenye kocha walifika kabla ya jua,
saa ikiwahesabia nukta kwa nukta,
na mmoja wao amekwenda Ulaya kuiogelea nchi yetu.
Nampigia makofi, tena ya kweli. Taulo lake nililianika mimi.

"Mifupa yenu mizito," aliniambia mgeni mwingine pale ukingoni,
"ndiyo maana hamwelei."
Nikakitazama kiwiko changu.

Sisi tulioga kwenye mfereji wa babu.
Mto Karanga tulikatazwa tangu siku ulipomsomba Anaeli.
Mfereji ulifika magotini.
Nani amewahi kuelea katika maji ya magotini?

Ndelilio alimaliza wa kumi na moja.
Zawadi ziliishia kumi.
Mguu ule ule, damu ile ile;
yule wa futi hakurudi kuuliza.

Siku hizi anapandisha mizigo, njia ya Machame,
kilo ishirini kichwani, hema la mtu mwingine,
na wageni wanaohema nyuma yake huambiana
kwamba watu hawa wamezaliwa kubeba.

Mama akisikia hucheka, huku anamenya ndizi.
"Nilikuwepo," husema.
"Nilimzaa mikono mitupu."