Siku ya Tatu

Unga wetu mwaka ule ulikuwa mweupe,
mweupe usio na harufu,
na wanunuzi wa Kadutu walichovya kidole, wakalamba,
wakasema: Cibalonza, safari hii umeweza.

Mwezi wa nane. Kule kwetu Walungu kijito kimekonda,
dimbwi la kuloweka moja, nyumba kumi na nne.
Muhogo wetu ni ule mchungu.
Ngedere anaukwepa, mwizi anaukwepa,
wenye bunduki wakipita huchimba mtamu.
Ndiyo maana tuliupanda.

Mama alikuwa akisema
muhogo una hasira ya siku tatu,
usiuguse kabla haujalegea wenyewe.
Mimi niliutoa siku ya pili alfajiri,
bado unakatika kwa mlio, kama kuni.
Lori la Bashige huondoka Ijumaa,
na minervali ya Murhula ilikuwa imepitwa na siku yake.

Kwanza alikufa mbuzi.
Alikata kamba, akala maganda mabichi nyuma ya jiko,
na kabla maji ya bugali hayajachemka
yuko chini, povu mdomoni,
anapiga hewa mateke.
Mjomba akasema: nyoka.
Tukamsaka nyoka hadi giza,
tukachoma majani,
tukaua kinyonga asiye na kesi.
Maganda tukayafagia.

Unga uliobaki tuliula wenyewe,
asubuhi, jioni, na sombe isiyo na chumvi.
Maharage yalishauzwa.
Sambaza za ziwani tulizijua kwa jina.

Wiki ya tatu, Murhula aliamka
visigino vyake vimekataa ardhi.
Akasimama kwa ncha za vidole,
magoti yanagombana,
kama mtu anayepita chumbani asimwamshe mtoto.
Akacheka. Alidhani ni mchezo.
Miaka saba.

Nilivuka ua hadi kwa M'Cirhuza
nikamwita mchawi mbele ya wanawe.
Alikuwa anachambua sombe. Hakuinua macho.

Muuguzi wa zahanati hakuuliza habari za jirani.
Alipinda mguu wa mtoto, ukakataa,
akaniuliza neno moja:
uliloweka siku ngapi?
Niliangalia mikono yangu.
Kwenye kucha bado kulikuwa na unga.

Sasa ana miaka kumi na miwili
na fimbo mbili za mkaratusi.
Yeye ndiye mlinzi wa dimbwi;
huchora kwa mkaa juu ya jiwe,
mstari, mstari, mstari,
na hata chifu akituma mtu siku ya pili
humrudisha na kapu tupu.

Kadutu wananikunjia pua:
mama, unga wako unanuka.
Nawaambia: ndiyo.

M'Cirhuza hajaitikia salamu yangu hadi leo.
Ila zamu yake ya dimbwi ikifika kabla ya yangu,
na kijito kimekonda,
hunikuta naloweka,
hutua kapu lake juu ya majani,
hungoja
siku zote tatu.