Nje Kuna Nini

Imefika Jumanne na gari la posta,
boksi dogo, karatasi za kujazia tele.
Nzito kama kopo la rangi,
nyeusi, ya baridi, na vijimeno mgongoni
isije ikamponyoka mwenye glavu.
Nikaichaji jikoni, nikaikodolea macho
mpaka kitone chekundu kikawa kijani.
Saa nane mchana jua lilikwishaaga:
Desemba huku kwetu Kainuu
jua ni mgeni wa mlangoni,
hata viatu havui.

Taisto akanitazama juu ya miwani.
"Tochi tunayo, Hilkka."
Tunayo, kweli. Ile ya plastiki,
unaipiga kofi mara mbili ndipo ikohoe
mwanga wa manjano, chai ya mgonjwa,
unaokomea kwenye ncha ya kiatu.
Miaka thelathini nimegawa barua kwa mwanga ule,
majina ya watu nikiyasoma kwa kubahatisha.

Nikasema naenda kutazama kuni.

Nikabonyeza.
Mama yangu!
Giza halikuondoka, liliraruka.
Misonobari ikasimama wima, mmoja mmoja,
kama darasa lililosikia viatu vya mwalimu.
Kumbe theluji ilikuwa ikianguka!
Ilianguka kimya, haikumwambia mtu,
na mimi nimeifumania.
Mwanga ukavuka ziwa lililoganda,
ukapanda ukingo wa pili, ukagonga ukuta wa Airi,
nikahesabu vioo vya dirisha lake: sita.
Nikaona na chupi zake kwenye kamba,
zimekauka kwa barafu, zimesimama kama mbao.

Nikazima.
Nikawasha.
Nikazima.
Nina miaka sabini na mmoja.

Kipya kinyemi ingawa kidonda,
na hiki wala si kidonda.

Jumatano nikatoka kumtafuta paka,
paka mwenyewe kalala juu ya jiko, ananisikiliza nikimwita.
Alhamisi nikakagua bomba la moshi.
Ijumaa uongo uliniishia, nikatoka tu.

Ina ngazi tano. Ya kwanza ni ya kusomea dawa,
sina haja nayo.
Ya tano huipasha moto shingo ya tochi
mpaka kiganja kinapata joto la mkate,
na hapo ndipo nilipoielekeza juu.
Hakuna cha kugonga huko.
Nguzo nyeupe ilipanda, ikapanda,
na nasikia mwanga ukishatoka umetoka,
haurudi hata ukizima.
Basi kipande cha ua wangu kimeshaupita mwezi,
barua ya kwanza maishani mwangu
niliyoituma bila anwani.

Simu ikalia mfukoni. Airi.
"Ni wewe unayenitulizia ndege sebuleni?"
Nikasema ni mimi. Nikaanza kuomba radhi.
"Usizime! Shikilia hapo hapo, nianue nguo.
Taa ya nje imeungua tangu Oktoba."

Nikashikilia.
Mita mia nne za barafu kati yetu,
naye mdogo kama sisimizi aliyevaa koti,
anabandua shuka, shuka linakataa kukunjwa,
analipiga goti, analikumbatia kama mlango.
Mkono ukaniuma begani, sikuushusha.
Alipomaliza akainua soksi moja, akaipunga.

Nyuma yangu theluji ikalia chini ya buti.
Taisto, koti juu ya pajama.
"Nje kuna nini kila siku?"
Sikumjibu. Nikampa.

Akaipima uzito. Akasoma maandishi ubavuni.
Akasema bei yake ni wizi.
Akawasha.

Sasa ni robo saa.
Amemulika kilele cha kila mti,
amemulika boti lililopinduliwa, nguzo ya simu,
sungura mmoja aliyegeuka jiwe,
na kila akiona kitu ananiambia "Tazama!"
kana kwamba mimi ndiye niliyekuja leo.
Mimi nimesimama pembeni, mikono mfukoni,
nasubiri zamu yangu.