Hadi Kiunoni

Pampu ilikufa Alhamisi. Ijumaa na Jumamosi
nilichota Themi, ndoo mia na kumi na saba,
nikajaza birika la ubatizo nyuma ya mimbari,
chini ya mbao tunazofunua mara tatu kwa mwaka.
Sisi Wabaptisti hatunyunyizi. Maji mengi, au basi.

Mwaka huo Arusha ilijaa Warundi wa suti:
walishuka kwenye magari meupe, wakajadili vita vyao
kwa Kifaransa na posho ya siku.
Barampama hakuwa wa suti.
Alilinda ghala la mahindi kule Sakina, usiku,
na kila Jumatano alikuja darasani
na daftari la hesabu, macho mekundu.

Jumapili akashuka ngazi na kanzu nyeupe.
Maji yakampanda magotini, kiunoni,
yakasimama hapo.
Mchungaji Akyoo akamshika mgongo na kifua,
akatamka majina yote matatu.
Barampama hakulala.
Akasema, kwa Kiswahili cha kambini:
"Ruvubu ilibeba watu hivi. Uso juu.
Dada yangu nilimjua kwa kitenge."

Tukasikia matone tu, kutoka mkono wa kanzu ya Mchungaji.
Husemwa damu nzito kuliko maji.
Mimi niliyebeba zile ndoo, sijui.

Akatoka, nusu amelowa,
nusu mikunjo ya pasi bado imesimama.

Mashemasi walikaa hadi saa tano usiku.
Ndewario akapiga meza: tukimwacha huyu,
kesho tutaomba bakuli kwa Walutheri!
Mama Nanyaro akauliza,
"Kwani mtu huzikwa mara ngapi?"
Katibu akaandika: Ndugu Barampama
amebatizwa hadi kiunoni.
Lililobaki limeahirishwa.

Siku chache baadaye redio ikasema kule ukumbini wametia saini.
Si wote.
Na siku ya bunduki kunyamaza haikutajwa.

Jumapili ya Meza ya Bwana
sinia la mkate likamfikia. Akamtazama Ndewario.
Ndewario alikuwa anatafuta kitu
mfukoni mwa koti, akatafuta, akatafuta,
mpaka sinia likapita.

Yale maji nilimwagilia mchicha,
ndoo kwa ndoo. Ukaota kama mchicha.

Pampu ilipona Desemba.
Siku za ubatizo Barampama huwahi kuliko mimi.
Hukunja shati, hupima kina kwa mkono,
hadi kwapani,
halafu hujifuta, huenda kukaa.