Lita Tisa Zisizo na Kilomita

Saa saba za usiku, depo ya Saskatoon,
nyuzi thelathini na nane chini ya sifuri.
Mabasi yanaingia moja moja, barafu hadi kwenye nyusi,
nami nimeshika bomba, glavu juu ya glavu.

Siku hizi siandiki kitu.
Mdomo wa tangi umevishwa pete,
bomba lina pua ya kuinusa.
Zikijuana, dizeli inatoka;
zisipojuana, hata ulie, hupati tone.
Basi lenyewe linajitaja: namba, kilomita, joto la injini.
Skrini inajumlisha. Mimi nasimama tu,
shahidi wa ndoa ambayo sikualikwa.

Zamani palikuwa na daftari la Orville,
jalada la kijani, kurasa zinanuka,
saba zake ungedhani ni moja.
Alistaafu Oktoba. Daftari wakalitupa,
nikaliokota. Liko kabatini, chini ya soksi.

Sisemi mashine ni mbaya.
Mama yangu, Korogwe, aliuza mafuta ya taa
kwa kikombe cha bati,
na ukutani aliandika kwa mkaa:
mali bila daftari hupotea bila habari.
Angeipenda skrini hii. Angeipangusa kila asubuhi.
Ila kikombe kikishajaa
aliongeza kidogo juu yake,
na hicho kidogo hakukiandika popote.
Nilimuuliza. Akasema,
"Hiyo si mali. Hiyo ni salamu."

Jumanne likarudi basi 0417.
Pete na pua zikajuana, mafuta yakapita,
kisha taa nyekundu na maandishi:
LITA TISA ZISIZO NA KILOMITA. TOA SABABU.

Marlys, dereva, alikuwa bado anavua kofia.
Nikamwonyesha. Akatazama viatu vyake.

Kituo cha mwisho, akasema, pale nyuma ya ghala la viazi.
Kibanda hakina kioo tangu Novemba.
Walikuwa wanne: wanawake wawili wa usafi wa hospitali,
kijana mwenye raba za kiangazi,
na yule mzee anayebeba paka ndani ya koti.
Basi lao limekufa njiani, lingine baada ya saa moja na nusu.
Mimi safari yangu ilikuwa imekwisha.
Nikafungua mlango. Nikaacha injini inaunguruma.
Hakuna aliyesema neno.
Paka alilala kwenye kiti cha walemavu.

Skrini inasubiri. Inapepesa.
Nikibonyeza WIZI, Marlys anaitwa ofisini.
Nikibonyeza MITA MBOVU, naisingizia mita,
na mita haikukosea hata tone.
Imefundishwa kwamba dizeli ikiungua huwa mwendo.
Haijaambiwa kwamba yaweza kuwa vidole,
vidole arubaini vya mikono
vinavyokunjika bado asubuhi yake.
Vya paka sikuvihesabu.

Chini kabisa ya orodha, MENGINEYO,
na kisanduku chenye nafasi ya herufi kumi na mbili.
Nikavua glavu ya kulia, zote mbili.
Vioo vya baridi vikaniuma kidole.
Nikaandika: SALAMU.
Taa ikawa kijani. Bomba likalegea mkononi.
Marlys akauliza nimeandika nini,
nikamwambia nenda ukalale.

Alhamisi akapiga simu Gurmeet wa ofisini,
mtu mwema, mtu wa majedwali:
"Hii salamu ni kipuri gani?
Sikioni kwenye katalogi."

Nikamwambia kinakaa karibu na hita.
Kikikosekana, basi linatembea vizuri tu,
wala huwezi kujua.

Akanyamaza. Nikasikia anaandika.
Kisha akaniomba namba yake
ili akiagize.