Maagizo Nyuma ya Risiti

Mama Nyemo, kaunta yako imekwisha.
Usiiguse bado. Mafuta yanywewe kwanza,
siku tatu ubao ulale,
dirisha la jikoni ulifunge, maana upepo wa Ilazo
mwezi huu wa nane hauji mikono mitupu:
huja na vumbi, na vumbi ni msasa usioitwa.

Hii ni mninga. Mti wa porini, umekulia kiu,
miaka yake yote ukiingoja mvua ya Desemba.
Ndiyo maana ukiuonjesha tone
hulifuata tone hadi ndani,
ukavimba, ukasimamisha nyuzi, ukapasuka ukingoni.
Nani angeulaumu?

Kwa hiyo likidondoka, futa.
Usiseme nitafuta nikimaliza kuongea na simu.
Zabibu usizimenyee hapa, wala ubuyu wa watoto,
ule mwekundu unaopaka hadi masikio.
Manjano yakimwagika usiyasugue, utayatembeza;
yazoe kwanza kwa kijiko, halafu sabuni kidogo,
halafu kikavu. Kikavu, mama,
si kile kitambaa kinachoshinda ndani ya sinki.

Kuzunguka sinki nimepaka silikoni mara mbili.
Wahenga walitusemea ufa na ukuta,
hawakuwahi kuletewa sinki.
Ukiona weusi mwembamba kama wanja pale pembeni
nipigie siku hiyohiyo.

Sasa ndoo. Hapa tusikilizane.
Najua maji yenu huja Jumanne, saa nane usiku,
bomba likikohoa unaamka na kanga moja,
unajaza ndoo, madumu, sufuria,
hata birika la wageni.
Na pa kuweka ni hapa, papana, pamenyooka.
Weka tu. Mimi si serikali.
Lakini chini ya ndoo tanguliza ngata,
maana kitako kibichi kikilala hadi alfajiri
kitaacha duara jeusi, kama mhuri wa ofisi
juu ya barua iliyokataliwa.

Duara hilo nalitoa.
Ndimu, jua la mchana, msasa laini, mafuta upya.
Elfu ishirini, na chai.

Lipo moja silitoi.

Kwetu Mpwayungu mama alibeba maji
ya kufukua mchangani, korongoni,
tangu sijazaliwa. Ngata ya majani makavu,
baadaye ya kanga iliyokwisha maneno.
Jumamosi akivua kilemba asukwe na dada yangu Sechelela,
utosini palikuwa na mviringo usioota nywele,
unang'aa kama ubao uliotoka kwenye randa.
Nilikuwa na miaka saba. Nikapagusa. Palikuwa laini kuliko shavu.
Akasema, bila kugeuka,
"Acha. Hapo ni pa ndoo."

Nimepiga randa miaka ishirini na mitatu,
majiko ya wakubwa, mabaa, kaunta ya benki moja,
na kila nikifika mwisho nikipitisha kiganja
kusikia kama ubao umekubali,
ni pale ninapopagusa.

Basi. Nimekuandikia kwa sababu ya simu utasahau.
Lile tambara la bluu litupe, linachuja rangi.
Sufuria ya moto isikae, hata kwa dakika ya kuonja chumvi.
Kila miezi minne mafuta, kwa kitambaa cha pamba,
ukifuata nyuzi zinakokwenda; usizipinge.

Salio langu ni elfu themanini.
Ufunguo nimemwachia mlinzi, Lusito.
Ngata nimekusokotea moja, iko juu ya friji.
Haikukaa sawa sana,
mikono yangu imezoea mbao.

Fundi Chiwanga